Kipimo Kilichopona Vita

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tano

Wagonjwa wa tansiyo, shinikizo la damu, tangu saa mbili asubuhi. Mukono, kitambaa, pampu, sikiliza, andika. Mukono, kitambaa, pampu. Vidole vimekufa ganzi. Saa sita nikanywa chai iliyopoa, na mukate ambao mutu alikwisha kuumega. Namjua.

Sifa ameleta tena daftari yake. Sifa ni reko, yaani mmoja wa wale watu wa mtaa wanaopita nyumba kwa nyumba kwa niaba ya santre yetu ya afya. Zamani walitafuta watoto wa chanjo, basi. Sasa kuna proje, mradi wa afya wenye ofisi kule Himbi, imewapa mashine ya betri. Unafunga mukono, unabonyeza, namba zinatokea zenyewe. Juzi tu Sifa alikuwa mushonaji wa nguo. Leo anapima tansiyo. Haya.

Namba zake zote ziko juu. Mama wa duka la unga, Sifa kaandika kumi na saba (mashine yake inasema 170), mimi napata kumi na tatu na nusu. Muuza makala, yule wa mkaa wa kupikia, Sifa kumi na sita, mimi kumi na mbili na nusu. Ghafla Katoyi, mtaa wetu mzima, ni wagonjwa. Najiuliza nani anafaidi. Mugonjwa mupya anaandikwa, dawa inatoka Himbi, inapitia mukononi mwa Sifa. Mimi si mutoto.

Kipimo changu ni cha sindano inayozunguka kwenye namba, cha kupampu kwa mukono. Waasi walipopora santre walibeba vitanda, friji ya chanjo, hata mapazia. Kipimo kilikuwa kiunoni mwangu, chini ya kitenge. Tangu siku ile tuna desturi hapa: jioni kila mutu anarudi nyumbani na chombo chake cha kazi. Waasi waliofuata, kikalala ndani ya gunia la maharagwe. Kikapona tena. Kila asubuhi naangalia sindano, iko juu ya sifuri sawasawa. Mashine ya Sifa haijakimbia hata mvua.

Jumatano, tarehe 5

Muzee Ramazani amekuja kwangu baada ya kazi, na mke wake, Mama Mwamini. Nyumba yake na yangu zinatazamana. Ukoo wake ni wa Kasongo, Maniema, Waislamu watupu, na maisha yake yote ameendesha lori kati ya Goma na Butembo. Wakati wa uasi alinipakia na watoto wangu wawili katikati ya magunia ya viazi, akatufikisha Butembo kwa mama yangu. Kwenye kizuizi waliuliza huyu mwanamke ni nani. Akasema ni mke wake. Hajawahi kulitaja tena jambo hilo, wala mbele ya mke wake wala mbele yangu.

Amefunga Ramadhani, midomo imekauka. Sifa alimpima mwezi uliopita, eti kumi na nane juu ya kumi na moja, akaletwa santre siku mimi sipo, akaandikiwa kidonge cha kila asubuhi. Kidonge kinamkojoza. Anameza wakati wa daku, mpaka saa nne hana maji mwilini.

Akaniambia, "Masika, mwanangu, weye njo munganga yangu. Niko na tansiyo ao sina?"

Nikampima. Kumi na nne na nusu juu ya saba na nusu. Kwa umri wake si kitu. Nikamwambia, "Papa, ile dawa acha. Punguza chumvi tu. Ile ni ya kuwafurahisha watu wa Himbi."

Alicheka, akampa mke wake pakiti aiweke kabatini. Mama Mwamini hakucheka. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimekasirika. Amenijua miaka mingapi?

Ijumaa, tarehe 7

Tangu jana tunatawaliwa na wanajeshi. Ni juu ya waasi wa kule Beni. Shemeji yangu amekimbia shamba lake mara ya tatu. Barabarani kila mutu anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, na mimi pia.

Nimemfuata Sifa. Naandika ukweli, hakuna atakayesoma hapa. Alipotoka santre nikamwacha atangulie, nikafuata. Nyumba ya kwanza, haraka. Ya pili, haraka. Ya tatu alikaa sana. Nikasimama nyuma ya bomba la maji na kitenge kichwani kama mwizi wa kuku. Mama mmoja akanisalimia kwa sauti kubwa, "Munganga Masika! Unajifichia nani?" Nikasema nangoja mutu. Aibu.

Lakini Sifa alitoka na mfuko mwepesi kuliko alivyoingia nao. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Alhamisi, tarehe 13

Idi yao na sikukuu yetu ya Kupaa kwa Bwana, siku moja. Asubuhi misa, mchana pilau kwa muzee Ramazani. Kanzu nyeupe, kofia mupya, wajukuu wamejaa. Furaha.

Alilalamika kidogo kichwa. Kisogoni, asubuhi akiamka. Nikamwambia ni nyama na kelele za watoto. Nikampima hapo hapo kwenye kochi, maana kipimo huwa ninacho. Kumi na tano juu ya nane. Imepanda kidogo tu, siku ya sherehe. Nikamwambia alale mchana.

Mama Mwamini alisema Sifa alipita tena, akaomba kumpima, muzee akamfukuza kwa adabu. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi sana.

Jumanne, tarehe 18

Vita santre. Sifa kaenda kunishitaki kwa Papa Kasereka, mukubwa wetu. Eti nawatoa watu kwenye dawa. Nikamwambia mbele ya wote kwamba sindano na uzi vinamngoja nyumbani. Nikamuuliza pia kuhusu nyumba ya tatu na mfuko.

Akanitazama. Akasema kule kuna mama aliyelala kitandani, hawezi kufika santre, yeye humpelekea dawa, humwogesha na kumbadilisha shuka. Papa Kasereka akasema ni kweli, iko kwenye daftari. Nani anajua. Daftari inaandikwa na mutu.

Halafu Sifa akaweka mashine yake mezani na kuvua koti. "Nipime na vyote viwili. Hapa. Sasa hivi." Nikakataa. Sipimi mutu kwa mashindano.

Papa Kasereka ameamua. Jumamosi fundi wa vipimo atakuwa Himbi na kile kipimo kirefu cha zebaki. Vyombo vyote viwili viende. Nikasema navipeleka mwenyewe. Sitaki Sifa aende, atapanga na wenzake. Zebaki haijui undugu. Jumamosi kila mutu atajua mwongo ni nani.

Jumamosi, tarehe 22

Ni mimi.

Naandika taratibu ili nisijifiche. Fundi aliunganisha mipira ya vyombo vyote vitatu, akapampu pamoja. Zebaki kumi na nane. Mashine ya Sifa kumi na nane. Changu kumi na nne na nusu. Akashusha. Zebaki kumi na sita, mashine kumi na sita, changu kumi na mbili na nusu. Nikamwambia arudie. Akarudia mara nne, hakunung'unika. Nilikuwa nikimtazama mikono, nitafute anavyoiba.

Akafungua kioo. Ndani kuna kijiti kidogo cha chuma, kinazuia sindano isishuke chini ya sifuri. Akakitoa kwa koleo. Sindano ikaanguka mbali, nyuma kabisa. Akasema hiki kiligongwa zamani, mama, kila asubuhi kilikuonyesha sifuri ya bure. Aliuliza kiligongwa lini. Sijui. Gunia la maharagwe? Siku ile ya kukimbia? Miaka yote nilikilinda, sikuwahi kukipeleka kupimwa hata mara moja. Nilidhani kitu kilichopona vita ni kizima.

Watu wangapi nimewaambia uko muzuri, nenda nyumbani?

Muzee Ramazani. Kumi na nne na nusu yangu ni kumi na nane. Sifa aliandika kumi na nane. Na siku kumi na saba hajameza kidonge, kwa amri yangu.

Nimekimbia moja kwa moja kwake. Hayupo. Wamekwenda Kibati na Mama Mwamini, kwenye matanga ya dereva mwenzake, watarudi kesho. Mama Mwamini hana simu. Simu ya muzee imezimwa, huwa anaiwasha siku anayotaka kupiga yeye. Mkwe wake amenipa ile pakiti kutoka kabatini. Ninayo hapa.

Kwa pikipiki Kibati si mbali. Ilikuwa saa tisa tu. Ningeweza kwenda. Sikwenda. Nilijiambia kesho, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kumwambia mbele ya watu wa matanga.

Saa moja ya jioni. Watu wanapiga kelele barabarani. Juu ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto, mbingu ni nyekundu. Yesu Maria, upande wa Kibati.

Jumapili, tarehe 23

Nimerudi alfajiri kwa miguu. Jana tulikimbia na mji wote, njia ya Sake, magodoro vichwani, mbuzi, wagonjwa migongoni. Mimi nilibeba mfuko wenye pakiti ya muzee na kitambulisho changu. Hata chungu sikuchukua.

Moto umesimama kabla ya kuingia mjini, lakini barabara ya kaskazini, ya kwenda Kibati, imekatika. Nilikwenda mpaka walipotuzuia askari. Jiwe jeusi linatoa moshi, na vichwa vya nyumba vimetokeza. Niliuliza kila mutu aliyetoka upande ule. Mmoja anasema watu wa matanga walipanda Rutshuru. Mwingine anasema wote wamevuka Rwanda. Wa tatu hajui lolote, anataka tu nimsikilize, kapoteza nyumba.

Nawasikiliza wote, simwamini hata mmoja.

Jumanne, tarehe 25

Ardhi inatetemeka kutwa. Ukuta wa santre umepasuka karibu na chumba cha uzazi. Wauguzi wawili tu tumefika, mimi na Papa Kasereka. Na Sifa.

Alikuja na mashine yake na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Tangu Jumapili anapita nyumba za wagonjwa wake mmoja mmoja, nani yupo, nani kakimbia, nani ana dawa za siku ngapi. Nilitafuta sababu ya kumshuku. Nilitafuta kweli. Sikuipata, na bado moyo ulikataa.

Nikamwambia yote. Zebaki, kijiti, muzee. Nilimwambia nimesimama, sikukaa. Nikangoja acheke.

Hakucheka. Aliniuliza, "Muzee Ramazani aliacha dawa tarehe ngapi?" Akaandika. Akauliza anavaa nini, anatembeaje, ana ndugu wapi. Akaanza kupiga simu. Mareko wote wana namba za wenzao, Sake, Minova, mpaka kule Rutshuru. Kila mmoja anapita kwenye makanisa na mashule yaliyojaa watu, anaulizia wagonjwa wake. Ndicho walichofundishwa Himbi kwenye ile semina niliyoiita ya kula biskuti.

Afadhali angenitukana.

Alhamisi, tarehe 27

Redio asubuhi: mji uhame. Wametaja mitaa, wa kwetu haumo, lakini nani atabaki? Ukikaa unaambiwa moto utatoka chini ya ardhi, ukienda unaambiwa waasi wako njiani. Kila mutu ana habari yake.

Njia ya Sake tena. Jua. Nimebeba sanduku la dawa za tansiyo, Papa Kasereka amelifunga kwa kamba mgongoni mwangu kama mutoto. Sifa nyuma yangu.

Jumamosi, tarehe 29

Amepatikana.

Reko wa hapa Sake alimpigia Sifa jana jioni. Muzee mwenye kanzu, dereva wa zamani, yuko kwa rafiki yake nyuma ya soko. Tumekwenda asubuhi.

Analala kwenye mkeka. Mukono wa kuume umekufa, muguu wa kuume pia. Mudomo umevutwa upande. Ni kiharusi, Jumatano asubuhi, alikuwa anatawadha. Hasemi. Anatoa sauti, lakini maneno hayaji. Macho ni yale yale. Aliponiona alitaka kuinuka.

Mama Mwamini alisimulia. Usiku ule wa moto walitoka Kibati na umati, wakapita mjini bila kusimama, wakatembea mpaka hapa. Jumatatu reko wa hapa alimpima muzee kwenye uwanja wa kanisa. Ishirini. Akampa vidonge palepale, bure, na maji. Muzee akavirudisha. Mama Mwamini alimsihi. Alimlilia. Muzee akasema, "Masika alinipima. Masika amesema niko muzuri."

Pakiti ilikuwa mfukoni mwangu.

Niliwaza kunyamaza. Naandika hilo pia. Ningeweza kusema ni hofu, ni safari, ni Mungu, na wote wangekubali. Sifa alikuwa anatazama mkeka, hakunisukuma kwa jicho wala kwa neno.

Nikamwambia Mama Mwamini kipimo changu kilikuwa kibovu. Nikamwambia mumewe alikuwa na tansiyo siku zote, na Sifa alisema kweli, na mimi nilimwambia aache dawa kwa kiburi na kwa kumshuku mutu asiye na kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilikuuliza mara mbili." Akaenda kuchota maji.

Jumatano, tarehe 9 mwezi wa sita

Watu wanarudi Goma. Tumerudi pia, muzee nyuma ya lori la mwenzake, juu ya godoro.

Papa Kasereka alitaka tuwapime wagonjwa wangu upya kimyakimya, tusiwatishe. Nikakataa. Leo nimesimama mbele ya wagonjwa wote uani na kusema kwa mdomo wangu mwenyewe. Mama wa duka la unga aliinuka, akatema mate chini, akaondoka. Muuza makala akauliza kama hata sindano za watoto wao nilizichoma za uongo. Mwingine akasema hii pia ni janja ya Himbi, wamenilipa niseme hivyo. Jamani! Nilimtazama na kuyasikia maneno yangu mwenyewe.

Waliobaki Sifa aliwapima. Mimi niliandika. Papa Kasereka ameweka amri niliyoiomba: vipimo vyote, vya mukono na vya betri, viende kwenye zebaki kila miezi sita, cha mukubwa kikiwa cha kwanza. Kesho naanza kupita kwa walioondoka, nyumba kwa nyumba, Sifa akinitangulia, maana mimi hawatanifungulia.

Jumatatu, tarehe 14

Asubuhi kwa muzee Ramazani, pamoja na Sifa. Mama Mwamini alimkaribisha Sifa kiti. Mimi nilisimama karibu na mulango. Ni haki.

Jana nilimwambia muzee mwenyewe. Nilipiga magoti nikamwambia yote, polepole, mara mbili, ili nijue amesikia. Alifumba macho. Sikujua kama amelala ama amenifukuza. Nikaondoka.

Leo Sifa alimpima. Kumi na tano juu ya tisa, inashuka. Mama Mwamini akasema rudia. Sifa akarudia, ile ile. Akatoa kidonge, akampelekea mudomoni. Muzee akafunga mudomo. Mama Mwamini akakichukua, akabembeleza, akamwita kwa jina la ujana wake. Akafunga mudomo, akageuza uso ukutani. Mama Mwamini akaanza kulia. Tangu jana hajameza, alisema. Anakataa kwa kila mutu.

Kisha muzee akainua mukono wa kushoto, ule mzima. Akaunyoosha kuelekea mulangoni.

Nilimwambia, "Papa, si mimi. Mimi ndiye niliyekukosea." Mukono ulibaki juu. Mama Mwamini akafuta macho, akaniletea kidonge na kikombe.

Nikampa. Akameza. Maji kidogo yalimwagika kwenye ndevu, nikayafuta kwa kitenge changu.

Kidonge ni kila siku saa moja asubuhi. Nitapita kwake kabla ya kwenda kazini.